Ndoa ya Kamis Baada ya Moyo Kusimamishwa

Kamis alikuwa fundi wa malori ya jeshi, na katika Kampala nzima, enzi zile serikali iko mikononi mwa askari, hakuna injini iliyomshinda. Alisema mwenyewe, na nani angembishia mtu mwenye sare? Basi jitu hilo, kifua kama pipa, likatolewa jasho na moyo wa mkewe Halimah, usiozidi ngumi.

Valvu za moyo ule zilikuwa zimechakaa. Halimah alivimba miguu, akilala chali pumzi inakatika. Dokta Okullo akamwita mume.

"Afande, tutausimamisha moyo tuutengeneze. Mashine itasukuma damu badala yake."

"Kuusimamisha kabisa?"

"Kabisa. Halafu tutauamsha."

"Dokta, injini nazijua mimi. Hakuna anayeifungua huku gari linakwenda!"

"Tusipoifungua, hatutakuwa naye muda mrefu."

Kamis akakubali, lakini kichwa kilimzunguka. Moyo ukisimama, mtu si amekufa? Mke akifa, ndoa si imekwisha? Sasa huyo atakayeamka ni mke wa nani?

Siku ya upasuaji alikaa mlangoni, mashine ikinguruma ndani. Nesi Ayot alipotoka, akamdaka.

"Sista, yuko hai?"

"Yuko hai."

"Moyo unapiga?"

"Haupigi."

"Basi umeniua mimi!"

Moyo ulipiga tena, ila Kamis hakutulia. Alimwendea Sheikh Sulaimani, aliyewafungisha ndoa. Sheikh akacheka mpaka kofia ikamdondoka. "Ndoa haivunjwi na mashine, wewe! Lakini kama roho yako haitulii, kufunga upya hakudhuru."

Halimah alipopata nguvu za kukaa, akamwona mumewe kaingia na sheikh na mashahidi wawili. Akaelezwa.

"Kwa hiyo mimi si mke wako?"

"Ndilo tumekuja kulirekebisha, Mama Maimunah."

"Mara ya kwanza alijibu baba yangu. Leo nani anaulizwa?"

"Wewe," sheikh akasema.

Halimah akaweka kiganja juu ya bendeji, kama anayeshauriana na aliyemo humo ndani.

"Rudi kesho. Nitafikiria."

Nje, shahidi mmoja akanong'ona, "Afande, kakukataa?"

"Sijui. Alikuwa anacheka au anakohoa?"

Hakuna aliyejua. Kamis alisimama pale kofia mkononi, si mume, si mgane, kisha akaanza kuwauliza manesi, mmoja baada ya mwingine, wapi katika Kampala hii ambamo kila kitu kimeadimika mtu anaweza kupata sukari. Mposaji haendi mikono mitupu.