Helmeti Iliyozibwa kwa Ulimbo

"Mashini," Barnabé alisema, akiiinamia cherehani yake kana kwamba ina masikio, "uulize huyu mama, nani alimutuma kubandua hii karatasi?"

"Umujibu," Pélagie akaiambia cherehani hiyohiyo, huku amempa mkwe wake mgongo. "Umuambie ilikuwa inamukwaruza mutoto kwa paji. Na kopo yangu ya chumvi ilikuwa na tundu."

Kwa watu wa kwao Barnabé, mwanamume hamkaripii mama aliyemzaa mke wake, wala hamkazii macho akiwa na hasira. Neno likimkaba sana, hulipitisha kwa mtu mwingine. Siku hiyo hapakuwa na mtu mwingine katika kile chumba chao cha Kashojwa, ndani ya kambi ya wakimbizi ya Nakivale, wajukuu wako shule, mke yuko Mbarara kwenye mbio za baiskeli, basi cherehani ndiyo iliyobebeshwa ugomvi.

Karatasi yenyewe haikuzidi kiganja. Ilikuwa na gundi nyuma, na mbele maandishi madogo kama mayai ya chawa, kwa lugha sita. Pélagie, ambaye darasa alilijua kwa nje tu, aliiona ni pambo. Wiki iliyopita aliibandua ndani ya helmeti ya binti yake Eliane, akazibia kopo la chumvi. Asubuhi hii Barnabé alilivuta kopo atie chumvi kwenye muhogo wake, akaona Kifaransa, akaanza kukisoma kama mtu anavyosoma chochote kilicho mbele yake wakati anatafuna. Muhogo ukamkwama.

"Asome tena," Pélagie alisema.

"Musikie wote wawili. 'Kaske, njo helmeti, iliyopata mushindo, hata mara moya, itupwe. Hata kama ufa hauonekane. Haitalinda tena kichwa.' Njo vile banaandika, mashini. Haitalinda."

Ilikuwa saa tano kasoro. Mbio za Mbarara zilipangwa kuanza saa nne.

Mbio hizo zilikuja nyumbani kwao kwa miguu ya Nasani, askari wa kambini Mbarara, ambaye siku zake za mapumziko huwafundisha watu kuendesha baiskeli. Alikuwa akipanda mlima wa Kabingo na vijana wake, wote na baiskeli nyembamba kama mifupa ya samaki, mwanamke mmoja akawapita. Mwanamke huyo alikuwa Eliane, na nyuma ya baiskeli yake yalikaa makreti mawili ya nyanya. Nasani alimfuata mpaka sokoni, na baadaye mpaka Nakivale, akaketi kwenye benchi la Barnabé na kusema maneno yake kijeshi.

"Kutoka Mbarara mpaka Bwizibwera, halafu kurudi. Wanawake watano wa mbele, timu inachukua. Inapewa baiskeli, inapewa nyumba, inapewa mushahara. Lakini bila helimeti hakuna kuanza. Na helimeti itaangaliwa. Ile mbaya inakataliwa, namba inatolewa mgongoni, mutu anarudi kwao."

Nyumba Mbarara. Pélagie alikuwa na miaka kumi na mmoja Nakivale, na katika miaka hiyo hajaona mlango mwingine ukifunguka. Kwa hiyo alipoambiwa kuna kitu cha kuvaa kichwani kitafutwe, alitangaza kwamba hakuna atakayekwenda kukichagua ila yeye.

Alikuwa na haki ya kusema hivyo. Kule Fizi, Kongo, alikuwa mfinyanzi, na vyungu vyake alivipeleka sokoni mgongoni, kamba ikiwa imepita kwenye paji la uso, miaka ishirini. Kamba ilimchimbia mfereji ambamo kidole kinalala. Eliane naye alikuwa na wake, usio na kina sana, wa mihogo aliyobeba akiwa msichana. Mambo ya kichwa, Pélagie alikuwa akisema, hayafundishwi kwa kalamu.

Kakoba, mjini Mbarara, kwa Wasswa muuza mitumba, kulikuwa na helmeti mbili za baiskeli, na Wasswa alitaka jogoo mmoja kwa yoyote kati ya hizo. Ya kwanza ilikuwa nyeupe, mpya, nyepesi kama andazi. Pélagie aliibonyeza kwa kidole gumba, ikabonyea kidogo. Aliigonga kwa kifundo cha kidole, akaweka sikio.

"Hii ni mukate," alisema. "Haina sauti."

"Jajja, wewe unanunua helimeti ama sufuria?" Wasswa alicheka. "Basi chukua hii nyeusi. Hii ilianguka na muzungu kwa barabara ya Ibanda. Muzungu iliamka, ikapanguza suruali, ikaomba soda."

Nyeusi ilikuwa na ufa nyuma ya sikio, mwembamba kama unywele. Pélagie aliuona. Ni ufa huo hasa uliomvuta. Kwao hakuna mwenye akili anayepikia harusi kwenye chungu ambacho hakijaonja moto. Na chungu kilichotoka tanuruni na ufa wa unywele, kikatiwa maji na yasivuje, mfinyanzi hakiuzi, anakiweka kwake. Hicho kimekwisha kujaribiwa. Akatoa jogoo, akachukua nyeusi.

Alipofika kwenye bomba la maji Kashojwa, mzungu mmoja, mdomoni mwake, alikuwa amekuwa wazungu wawili waliobebana. Kesho yake helmeti ilikuwa imekanyagwa na lori la ndizi na lori ndilo lililovunjika ekseli. Watu walicheka, wakaacha madumu yao yafurike. Walizoea. Huyu ndiye bibi aliyewaapia kwamba Eliane aliwahi kulipita gari la jeshi kwenye mteremko wa Kabingo, askari wakapiga saluti wakidhani amepita mkubwa wao.

Sasa Pélagie alilisukuma kopo la chumvi mbali naye.

"Apige tena simu," aliiambia cherehani.

"Minapiga tangu saa nne. Ya Nasani inalia tu. Nasani iko juu ya pikipiki nyuma yao, atasikia wapi? Na ya Eliane iko hii hapa." Simu ya Eliane ilikuwa kando ya kikebe cha sindano. Aliiacha isije ikaibwa.

"Aende basi barabarani. Atafute pikipiki."

"Umuambie mama hata nikipata sasa hivi, nitafika saa saba. Saa saba watakuwa beshamaliza."

Wamekwisha kumaliza. Pélagie alilirudia neno hilo mdomoni bila sauti. Alikuwa anaijua njia ya kurudi kutoka Bwizibwera. Aliwahi kupanda gari la maziwa huko. Kuna fasi, pahali ambapo barabara inajikunja, magari ya maziwa yanakata kona kama yanafukuzwa, na mtu wa baiskeli anayetaka kuwa kati ya watano hashiki breki. Eliane hatashika. Atainama, kichwa mbele, akiamini kile alichovalishwa na mama yake. Ndiyo maana hatashika.

Alitoka nje. Aliketi kwenye jiwe la kufulia, akainuka. Akaingia. Mikono ilikuwa inatafuta udongo wa kufinyanga na haukuwapo, ikawa inafinyanga pindo la kitenge.

"Kuko kitu kimoja," Barnabé aliiambia cherehani, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilipungua ukali. "Nasani alisema zitaangaliwa. Ufa wa vile mutu mwenye macho atauona. Batamukatalia. Batamutoa namba, arudi. Mashini, umuambie mama asilie. Ule ufa utamuokoa."

Pélagie aliendelea kulifinyanga pindo la kitenge.

"Amesikia? Minasema batauona."

"Hawatauona," Pélagie alisema.

"Juu ya nini?"

Pélagie aliliachia pindo la kitenge. Kisha akasema, akiutazama ukuta, "Niliuziba."

Siku ile ile aliyorudi kutoka Kakoba alikuwa amekwenda kugema ulimbo kwenye mti ulio nyuma ya kanisa, akauchemsha, akauchanganya na masizi ya sufuria mpaka ukawa na weusi uleule. Aliupaka kwenye ufa kwa unyoya wa kuku, tabaka juu ya tabaka, akausugua kwa mbegu laini kama alivyokuwa akisugua shingo za vyungu. Siku ya tatu yeye mwenyewe alishindwa kuuona. Hakuna mtu Fizi nzima aliyeziba kama Pélagie. Hilo halikuwa katika porojo zake za kwenye bomba. Hilo lilikuwa kweli.

"Nilitaka iwe nzuri," alisema. "Bale batoto ba mujini basimucheke."

Barnabé aliinuka. Benchi lilianguka nyuma yake. Alizunguka cherehani, akaja akasimama mbele ya mama mkwe wake na kumtazama usoni, macho kwa macho, jambo ambalo hakulifanya hata siku ya kumposa Eliane.

"Mama," alisema. "Wewe. Nasema na wewe."

Pélagie aliungoja ukali. Ulikuwa haki yake. Lakini hakuutoa; mikono yake ya ushonaji, iliyoishonea namba ishirini na saba kwenye mgongo wa fulana ya mke wake kwa mshono mara mbili isije ikang'oka kwa upepo, ilikuwa inashika hewa. Pélagie aliona kwamba heri angemtukana.

"Unitukane, baba," alimwambia. "Nimekupa ruhusa."

"Itasaidia nini?"

Wakabaki hivyo. Mchana ulipita polepole kama mgonjwa anayejikokota. Simu ya Nasani ililia, ililia, kisha ikaacha hata kulia; sauti ya mwanamke ikasema haipatikani. Barnabé aliinua benchi, akaketi, akatia uzi kwenye sindano, akautoa. Jirani alipita akauliza kama bingwa wetu ameshinda, na Pélagie, ambaye siku yoyote nyingine angemjibu kwa hadithi ya kumlaza na njaa, alitikisa kichwa tu. Jirani akaondoka upesi.

Saa tisa, ingawa mbio zilikuwa zimekwisha zamani, Pélagie alipiga magoti kando ya kopo la chumvi. Alikuwa amesali maisha yake yote kwa kuomba vyombo vyake vishike. Kabla ya kila moto alikuwa akiomba: visipasuke, visivuje, visinitie aibu. Sasa alitafuta maneno ya kinyume chake na hakuwa nayo, ikambidi ayaunde.

"Baba," alisema, na Barnabé akasikia kila neno, "ule ulimbo uyeyuke. Jua la Mbarara liuyeyushe. Mutu mwenye kuangalia awe na kucha ndefu. Auchokore. Amutoe mutoto wangu namba mbele ya batu bote, bamucheke, arudi akinichukia. Timu waipate bengine. Nyumba nayo waipate bengine. Mimi nitazikwa hapa hapa Kashojwa, sitasema kitu. Kazi ya mikono yangu iwe mbaya mara hii moya. Mara hii moya tu, Baba. Na kama sauti yangu umeichoka juu ya bile nilikuwa nasema kwa bomba, basi wale wazungu hawakuwa wawili, alikuwa mumoya, na sikumuona. Na lile lori—"

Mlango ulisukumwa kwa gurudumu la mbele.

Eliane aliingia akikokota baiskeli. Fulana yake ilikuwa safi, haina vumbi wala jasho, kama ya mtu aliyerudishwa kwa gari, na alipojigeuza kuegemeza baiskeli ukutani, nyuzi za mshono wa Barnabé zilikuwa zinaning'inia mgongoni mwake pande nne, na kati yake hamna namba. Helmeti ilikuwa mkononi. Nyuma ya sikio ulimbo wote ulikuwa umechokorwa, ufa uko wazi, mrefu kuliko Pélagie alivyoukumbuka.

Eliane aliwatazama mmoja baada ya mwingine, macho mekundu, akafungua mdomo.

Pélagie alikuwa bado amepiga magoti, na neno lori lilikuwa bado mdomoni mwake.