Nilimwonea wivu jirani wa Kabuchai kwa sababu ya matope, na sioni haya kusema

Wakuu, niaje. Hii si ya kuambiwa, ni yangu mwenyewe, na mahali nimekosea nitasema.

Mimi nauza vifaa vya ujenzi hapa Kitale, lakini boma liko Kabuchai, Bungoma. Ng'ambo ya bonde letu anakaa Wafula. Yeye ni bakoki wangu, yaani tulitahiriwa mwaka mmoja. Mtu kama huyo anaweza kukutukana mbele ya mkeo na unacheka tu.

Bonde upande wangu lilikuwa na maji mwaka mzima. Miaka kadhaa iliyopita nikapanda blue gum humo ndani, ile mikaratusi ya kukua haraka, niuze nguzo. Nilijiona mjanja sana.

Wafula yeye aliacha mafunjo yake, akapanda mianzi na miti ya kienyeji, akazuia ng'ombe kuingia. Nilikuwa namwita profesa wa vyura. Ati mtu mzima anachunga nyasi.

Chemchemi yangu ikakauka. Yake ikazidi. Wamama wote wakahamia kwake na mitungi, hata mke wangu, na wakirudi ni Wafula hivi, Wafula vile. Chifu akamsifu kwa baraza. Wakuu, iliniuma. Niliposikia mianzi yake imeingiliwa na mchwa, nilifurahi siku mbili.

Sasa ikafika Agosti ya tohara, na kijana wangu wa kwanza alikuwa anaingia.

Kwa wale hamjui, sisi kijana hupelekwa bondeni alfajiri, anapakwa matope mwili mzima, halafu anarudi nyumbani kusimama mbele ya kisu. Ukoo wetu umechota matope upande wangu tangu babu. Na upande wangu ulikuwa umekauka mpaka ng'ombe wanalala.

Ningempeleka mtoto wangu kwa Wafula? Mimi?

Nikafanya ujinga. Jioni ya kuamkia siku hiyo nikakodi boda mbili zibebe maji kwa mitungi, tukamwaga bondeni, nikakorogakoroga na jembe. Ardhi ilikunywa tu bana. Blue gum hazina haya.

Baba mdogo, ndiye husimamia hiyo kazi kwetu, akaja kuangalia. Akakanyaga mara moja.

"Huu ni udongo umelowa," akasema. "Mtoto ataenda nyumbani vumbi linamdondoka. Enda uongee na bakoki wako."

Sikuenda. Kijana mwenyewe ndiye alienda, bila kuniambia.

Alfajiri tukakuta Wafula amefyeka njia katikati ya mafunjo, amesimama kando, hata hakunitania. Hiyo ndiyo iliniumiza zaidi. Matope yalikuwa meusi, mazito, baridi. Yalishika mwili wa kijana wangu vizuri, na nyumbani alisimama bila kupepesa jicho.

Watu walishangilia. Mimi baba yake nilikuwa nafikiria matope ya Wafula.

Wiki iliyofuata nikakata blue gum zote, nikang'oa na visiki. Nikanunua miche ya miti ya kienyeji kwa nasari moja ya Saboti, maana kumwomba Wafula sikuweza. Kila nikitoka Kitale napitia bondeni kwanza kabla ya kusalimia watu.

Jumapili iliyopita nimekanyaga hapo chini, kiatu kikazama kidogo. Kidogo tu. Nikavua, soksi imelowa. Hakukuwa kumenyesha.

Wafula akaniona kutoka ng'ambo, akaita, "Bakoki, maji yamerudi?"

Nikamwambia bado.

Funzo langu: ukipanda kitu bondeni, uliza kwanza kinakunywa kiasi gani, na usingoje serikali ikulindie chemchemi. Kwa hilo nimekubali.

Lakini kijana wangu wa pili anaingia tohara ijayo, na matope yake yatatoka kwangu. Kwamba maji yamerudi, Wafula nitamwambia siku hiyo, akiwa amesimama kando, kwangu.

Si mniambie kama niko peke yangu. Na mwenye anajua mti wa kurudisha maji haraka, aandike hapa chini.