Matheka na Mkwe Kwenye Foleni ya Kupimwa

Mwezi wa kwanza Matheka alitokewa na kidonda mahali ambapo hata fundi wa suruali hupima akiangalia pembeni. Kilikuwa kidogo, kigumu ukingoni, na hakikuuma. Hapo ndipo hofu ilipoanzia. Mtu anayeshinda na kisu cha kukatia tairi, akichonga viatu vya akala pale soko la Kariokor, Nairobi, tangu atoke shule, anazijua tabia za vidonda: kidonda cha heshima huuma, hutoa damu, hulalamika. Hiki kilikaa kimya kama mgeni ambaye hajasema ataondoka lini.

Hakumwambia mtu ila Wahome, fundi wa mikanda wa kibanda cha pili, bwana mwenye tiba ya kila ugonjwa na asiyejua hata mmoja. Wahome hakuuliza maswali. Alitoa mfukoni tembe za rangi mbili zilizobaki alipong'olewa jino, akamwambia azinywe asubuhi na jioni mpaka ziishe. Ziliisha upesi kwa sababu zilikuwa chache. Kidonda nacho kikafunga. Matheka akamnunulia Wahome chai na mandazi, na mambo ya Desemba yakawa yamezikwa.

Mambo ya Desemba ni haya: Ndunge, mchumba wake, alikuwa ameenda Makueni kumuuguza nyanya yake, na Matheka akabaki mtaani Mowlem na upweke wake, bia zake, na jirani mmoja wa ghorofa ya juu ambaye baadaye alihama bila kuaga. Hakuna mengi ya kuongeza. Hata yeye alipojaribu kujieleza kimoyomoyo, maelezo yaliishia hapo hapo.

Machi ilipoingia, viganja vyake vikatoka madoa mekundu yasiyowasha. Akailaumu gundi. Ni kweli gundi ya viatu ni kali, lakini mtu hapaki gundi kwenye nyayo zake, na alipovua soksi jioni aliyakuta madoa hayo yanamsubiri huko pia. Usiku huo alilala na soksi.

Sasa, kanisa lao pale Mowlem lina sheria moja: pasta hatangazi ndoa ya mtu kabla wachumba wote wawili hawajapimwa Ukimwi. Ndunge alienda saa ya chakula cha mchana kama anayeenda kununua sukuma wiki, akarudi na majibu mazuri, akaendelea na kazi yake. Matheka yeye alikuwa na udhuru wa kila aina. Mara ana oda ya hoteli, mara mguu umeteguka, mara anaogopa sindano, jambo ambalo Ndunge alilicheka sana kwa sababu alishawahi kumwona akijishona kidole kwa uzi wa viatu. Jumapili moja pasta akatangaza ndoa za watu wengine, jina la Ndunge halikusomwa, na Ndunge hakucheka tena. Alimwambia tu kwamba kama hataki kuoa aseme, mbuzi wa mahari watarudishwa.

Mbuzi walikuwa wameshapelekwa Makueni. Kwa hiyo Matheka akaenda kupimwa.

Alienda Buruburu, bila shaka. Hakuna mtu Eastlands anayepimwa mtaani kwake. Watu wa Mowlem huvuka kwenda Buruburu, wa Buruburu hujificha Umoja, wa Umoja hutorokea Dandora, na kila mmoja anaamini ni yeye peke yake aliyebuni ujanja huo. Matheka alivaa kofia, akavaa barakoa, akaingia zahanati moja nyuma ya maduka akiwa amejikunja mabega kama mtu anayekuja kuiba taa ya ofisi.

Ndani kulikuwa na korido na benchi moja refu. Foleni yake ilikuwa ya makalio: wa mbele akiingia, wote mnasogea. Matheka akaona nafasi mwishoni, kando ya mama mmoja aliyejifunga kitambaa mpaka kwenye nyusi na kuvaa miwani myeusi humo ndani kwenye giza. Alikuwa ameshapinda magoti kuketi mama huyo alipokohoa. Kikohozi kile alikijua. Alikuwa amekisikia mara nyingi kikitoka jikoni, nyumbani kwa kina Ndunge.

Alikuwa Mama Ndunge.

Matheka aliruka kama aliyekalia jiko. Na hapa lazima ieleweke kwamba aibu ilikuwa nusu tu ya shida. Kwa Wakamba wa kina Ndunge, mwanamume akishapeleka mbuzi, mama wa msichana anakuwa mtu wa kuogopwa kwa heshima. Humpi mkono. Huketi naye kiti kimoja. Mkikutana njiani unampisha na kutazama kando. Vijana wengi wa mjini wameshayaacha hayo, lakini Mama Ndunge alikuja nayo kutoka Makueni na hakuyapoteza kituo cha basi. Matheka alipowatembelea, mama alimsalimu kutoka jikoni na chakula kikaletwa na mtu mwingine. Katika miaka yote ya uchumba hakuwahi kuambiwa naye sentensi nzima.

Akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta. Mama alikuwa amemwona. Miwani ilimgeukia, ikaganda, kisha ikageukia bango la kunawa mikono lililokuwa ukutani na kubaki huko.

Upande wa pili wa mama alikuwa ameketi mwanamke mnene aliyekuwa akifuma sweta ya mtoto. Jina lake Kageha, kama alivyomtangazia kila mtu kabla ya kuulizwa. Kageha alimwambia Matheka akae, benchi halina meno. Matheka akasema yuko sawa. Mlango ukafunguliwa, mtu akaingia, watu wakasogea, na nafasi kando ya mama ikazidi kuwa kubwa. Vijana wawili waliokuja nyuma yake wakaketi. Wakaja wengine, nao wakaketi. Kageha akauliza kama huyu kaka amekuja kupimwa au kulinda ukuta.

Matheka hakumsikia vizuri. Kichwani mwake mambo yalikuwa yakikimbia: mama amemwona, mama atamwambia Ndunge, Ndunge atauliza kwa nini Buruburu, na kwa nini siku zote hizo alikuwa anakwepa. Akaficha viganja mfukoni. Kisha, bila kuamua, miguu ikaanza kuelekea mlango wa nje. Angeenda kwa Wahome. Angeomba tembe nyingine. Angeoa mwakani.

"Dada," Mama Ndunge akasema, macho yakiwa bado kwenye bango. "Mwambie huyo kijana asitoke."

Kageha akasimamisha kufuma. Akamtazama mama, akamtazama Matheka aliyekuwa hatua chache tu kutoka kwao, akaelewa haraka kwamba leo amepata kazi nzuri kuliko sweta.

"Anasema usitoke."

"Mwambie nimesahau kitu kwa kibanda," Matheka akasema.

"Amesahau kitu kwa kibanda."

"Mwambie hajasahau kitu. Mwambie mtu akija mpaka hapa ameshajua kuna neno. Akitoka sasa, atatoka nalo, na atalipeleka kwa msichana wangu."

Kageha hakulirudia hilo. Hata yeye aliona lilikuwa limefika. Vijana waliokuwa wakitazama simu wakaacha kutazama simu.

Matheka alitaka kusema kwamba ni pasta tu aliyemtuma, kwamba ni jambo la kawaida, kwamba hata yeye mama yuko hapa na miwani ya jua. Hilo la mwisho lilimfika kwenye ulimi kabisa. Lakini alipomtazama aliona mikono ya mama imeshika mkoba kwa nguvu hadi vifundo vimebadilika rangi, na goti lake moja linatikisika chini ya leso, tiki tiki tiki, bila kupumzika. Mama alikuwa na hofu kama yake, pengine kumpita. Mjane wa miaka mingi. Kulikuwa na maneno kanisani kuhusu yeye na mzee Mugo wa kamati ya ujenzi, na watu walikuwa wakiyacheka. Matheka pia aliyacheka.

"Mwambie nitakaa," akasema.

"Anakaa," Kageha akasema, akasogea ili amzibe mama kabisa kwa upana wake, na Matheka akaketi upande wa pili wa sweta. Kwa hesabu ya Kageha hiyo haikuwa kukaa pamoja. Hakuna aliyempinga.

Mama aliitwa. Alikaa ndani muda mrefu. Alipotoka miwani ilikuwa palepale, na uso chini yake haukusema lolote. Matheka akasimama, akageukia ukuta, akampisha kama inavyotakiwa. Akasikia viatu vyake vikipita na kutokomea. Kisha likaitwa jina lake, na aliitikia kwa sauti ambayo hakuitambua.

Mshauri aliitwa Mumina, dada mpole wa hijabu ya samawati, mdogo kwa umri kuliko Matheka, na hilo lilimwongezea aibu. Alimchoma kidole, akadondosha damu kwenye kipimo kidogo cha plastiki, akamwambia kipimo hicho kinaangalia Ukimwi na kaswende kwa tone hilohilo moja. Kisha akaanza kumuuliza maswali, na Matheka akajibu yote akitazama plastiki ile. Maji yalipanda taratibu kwenye ukanda mweupe. Mstari mmoja ukatokea. Mumina akasema huo unaonyesha tu kwamba kipimo kinafanya kazi. Matheka akashika kingo za kiti. Aliahidi vitu vingi wakati huo, vingine kwa Mungu, vingine kwa Ndunge, na kimoja, bila kujua kwa nini, kwa mzee Mugo. Halafu mstari wa pili ukaanza kujichora, mwekundu, polepole, kama unaoona haya.

"Ukimwi hauna," Mumina akasema. "Una kaswende."

Matheka akasema haiwezekani, kidonda kilipona, alikunywa dawa. Mumina akaomba kuona viganja. Akavitazama, akavirudisha mapajani kwa upole. Akamweleza kwamba kidonda kile hujifunga chenyewe hata ukinywa maji ya mfereji, na ugonjwa huendelea na safari yake ndani, na kwamba tembe za jino za rafiki hazikufanya kitu ila kumdanganya. Dawa ipo, akasema, inaponya. Ila ni sindano, na ataisikia. Na yule wa Desemba atafutwe, na huyu anayemuoa aje apimwe na atibiwe. Ndunge alipimwa Ukimwi peke yake. Hili la kaswende hakuna aliyemwangalia. Na kama siku moja atashika mimba, mtoto atalipata tumboni.

Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo iliyompata. Sindano yenyewe ilimchoma kama msumari na dawa ikaingia nzito kama uji, lakini hata nayo haikumfikia vile.

Alitoka akichechemea. Mguu wa kulia ulikuwa umekufa ganzi mpaka kisigino, na kwenye benchi wale wanaoijua sindano ile wakainamisha macho kwa adabu. Kageha alikuwa ameshaingia chumba kingine. Nje jua lilikuwa kali, na ng'ambo ya barabara, kando ya kibanda cha mahindi ya kuchoma, Mama Ndunge alikuwa amesimama. Hakuwa ameenda nyumbani. Aliutazama ule mguu ukiburutwa.

Mtu wa kutumwa hakuwepo. Muuza mahindi alikuwa akipepea moto, mgongo kwao. Matheka akageuka kando ampishe, lakini mama hakupita. Alivuka barabara, akavua miwani, akasimama mbele yake karibu kuliko alivyowahi kusimama, na kumtazama usoni. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Utamwambia wewe, au nimwambie mimi?"

Matheka akashindwa kuinua kichwa. "Nitamwambia mimi, mama."

"Leo."

"Leo, mama."

Mama akavaa miwani yake. Matheka akataka kumuuliza majibu yake yalikuwaje, na swali hilo lazima lilionekana usoni, kwa sababu alikatizwa kabla ya kufungua mdomo.

"Yangu ni yangu," mama akasema. Hakuondoka. Alisogea hatua tatu, akampa mgongo, akabaki hapo akimsubiri.

Matheka akatoa simu. Jina la Ndunge likamteleza mara mbili kabla ya kulipata. Ikaita. Ikaita tena. Alitamani asipokee, na alitamani apokee upesi kabla ujasiri haujaisha.

Ndunge akapokea. Nyuma yake kulikuwa na kelele za watu na redio. Akauliza yuko wapi, mbona sauti iko hivyo, je, ameenda?

"Nimeenda," Matheka akasema. "Niko Buruburu. Ndunge, tafuta mahali ukae, na tafadhali usikate."