Siku Bibi Alipotajwa Bungeni

Harufu ya betri zilizoanikwa juani mnaijua? Watoto wa leo hawaijui. Mimi hata sasa nikipita kwa fundi redio pale mtaani Nyasho, nikanusa lile bati lililopata moto, namwona bibi yangu Nyangeta akizigeuzageuza betri zake juu ya mwamba, ili jioni redio iseme.

Ilikuwa miaka ya shida, ya kufulia majani ya mpapai kwa kukosa sabuni. Bibi alikuwa mwenyekiti wa kijiji chetu cha ziwani, mwanamke wa kwanza, na aliwasukuma watu wakabeba mawe mpaka zahanati ikasimama. Mbunge alipokuja kuiona aliahidi kumtaja Bungeni. Kijiji kizima kikawa kinangoja hilo. Bibi alingoja jambo lingine. Kaka yake Magesa, wa Bunda, alisusa kukanyaga kwake tangu siku alipochaguliwa. "Tetea akiwika huchinjwa," alisema, akapanda baiskeli yake akaenda. Tangu hapo kila basi la Bunda likisimama, bibi alichungulia barabarani. Alidhani hatumwoni.

Jioni moja redio ikasema kweli. Mbunge alitaja jina lake, zahanati, mawe, vyote. Akinamama wakapiga vigelegele. Bibi akasema tu, "Haya, betri zisiishe bure," akaizima.

Sasa, kwetu jina la mtu wa kawaida lilikuwa halitajwagi redioni ila amekufa. Na sifa? Sifa zilingojaga jeneza. Kesho yake tukasikia kilio kinakuja kutoka barabarani. Alikuwa babu Magesa, kofia mkononi, analia kwa sauti, nyuma yake wanawake na unga wa msiba. Kwapani amebana sanda, marekani mpya kabisa, wakati ambao dukani hakukuwa na nguo hata ya dawa.

Akaingia uani, akamkuta marehemu anachambua mboga.

Babu Magesa akakaa chini palepale vumbini.

"Nyangeta," akasema, "nimekuja kukuzika."

"Basi maliza kulia kwanza," bibi akamjibu, "halafu unawe, ule."

Kisha akainamia mboga zake, akachambua hata zile alizokwisha kuzichambua. Ule unga tuliusonga, watu wakala wakashiba. Sanda nikashonewa blauzi ya shule. Nilivaa sanda ya bibi mpaka ikanibana, na wenzangu walinionea wivu.

Miaka ilipita, wageni wakawa wanamuuliza habari za siku ile aliyotajwa Bungeni. Alijibu vilevile kila mara: "Ee, ile Magesa aliyokuja." Mie mjuaji nilimnong'oneza kwamba hilo ni jingine, nikidhani uzee unamchanganyia mambo. Leo nina kaka yangu anayekaa Nyakato, hatujasemeshana muda sasa, na ninajua bibi alikuwa analijibu swali sawasawa.