Kabla Ngoma Haijapoa

Ngozi ya ngoma ikipashwa juu ya jiko la makaa hunuka kama nywele zilizoungua kidogo. Mpaka leo nikiinusa, mabega yangu huanza kucheza yenyewe.

Siku zile za fujo za ukabila, mama alikuwa akiongoza wanawake wa mtaa wetu wa Gatwekera kwenda kuwasihi vijana waliofunga barabara. Mchana mmoja alirudi sauti imemkauka, akajitupa kitandani. "Kesho siendi," akanong'ona. "Mimi nimeisha."

Wenzake wakajaa chumbani kwetu. Jirani yetu kutoka Kitui akaepua maji ya ugali jikoni. "Ugali itangoja! Leteni ile ngoma ya kanisa. Imelegea kama huyu mama."

Nikapewa kazi ya kuigeuza juu ya makaa. Kila nikiigonga ilikuwa imekaza zaidi, na njaa nikaisahau kabisa.

Wakamkalisha mama katikati, mikono yao yote kichwani pake. "Kila siku unatuombea sisi. Leo ni zamu yako!" Ngoma ikalia, na kila mmoja akaomba kwa lugha ya kwao, Kikamba, Kiluhya, Kijaluo, zote kwa mpigo, zile lugha ambazo huko nje siku hizo tulikuwa tunazimeza. Mabati yakatetemeka! Nikaruka nao, jasho na machozi yao yakinidondokea.

Nikaona kidole gumba cha mguu wa mama kikigonga sakafu. Kisha mguu mzima. Akainuka, akafunga leso kiunoni, akaichukua ngoma.

"Kesho ni mbali," akasema kwa sauti iliyokwaruza. "Twendeni sasa, kabla haijapoa."