Mzigo Uliojaribiwa Uani

Habari za kifo chake nilizipata sokoni, Jumanne asubuhi, nikiwa nimeinamia beseni la kitoga nikichagua samaki wa mchana. Mama muuza samaki ananifahamu, na anawafahamu pia watu ninaosimama nao kupiga soga pale mjini. "Mwalimu," akasema huku akiendelea kupara, "umesikia? Yule dada wa kompyuta wa Mlabani ametutoka." Nikamwambia utani mwingine si mzuri. Akaweka kisu chini, akanitazama, nami nikajua hatanii. Nilirudi nyumbani Kibaoni mikono mitupu. Mke wangu aliponiona naingia bila samaki, akavuta kiti akaniwekea, nami nikamweleza.

Hakuwa ndugu yangu, na umri wake ulikuwa wa mwanangu. Lakini ninyi mnaonisoma siku nyingi mnajua mimi na kompyuta hatuivi chungu kimoja. Safu hii naiandika kwa kalamu, kwa mwandiko ambao hata wanafunzi wangu wa zamani waliulalamikia. Yeye ndiye aliyekuwa akiichapa na kuituma mharirini, miaka nenda miaka rudi, na kwa hiyo kabla hamjanisoma ninyi, yeye alikuwa ameshanisoma. Alikuwa na desturi ya kugonga karatasi yangu kwa kidole na kusema, "Shikamoo mwalimu, ila hapa umezunguka mno. Shuka basi, abiria wamechoka." Nilikuwa nanuna, halafu nakata mistari miwili mitatu. Leo hakuna wa kunikata, kwa hiyo nivumilieni nikizunguka.

Kazi yake hasa haikuwa kuchapa makala za wazee. Alikuwa mtengenezaji wa programu za kompyuta, na ofisi yake ilikuwa chumba kimoja pale Mlabani, hapa hapa Ifakara, jirani na duka la pembejeo, hivyo mazungumzo yetu yote tuliyafanya huku tukivuta harufu ya mbolea. Programu aliyoipenda kuliko zote ni ile ya tahadhari ya mafuriko. Mto ukijaa huko juu, mtu aliyewekwa kwenye nguzo ya kupimia maji anatuma kipimo kwa simu hadi ofisi ya kata moja upande wa Chita, kompyuta inapiga hesabu, na hatari ikionekana inawatumia meseji wakulima wote walioko bondeni. Mnaotoka sehemu nyingine huenda msielewe uzito wake. Huku kwetu msimu wa mpunga ukifika watu wanahamia mashambani na watoto wao, wanaishi kwenye madungu, vile vibanda vya kuinuliwa juu ya nguzo, na maji yakija kwa hasira hayachagui dungu la nani.

Siku moja nilimkuta ameketi nje barazani, juani, na laptopu kuukuu mapajani, wakati ndani kulikuwa na feni na mashine nzuri. Nikamuuliza amefukuzwa na nani. "Napika uani, mwalimu," akanijibu bila kuinua kichwa. Nikadhani jua limeshampanda. Akacheka, akanisogezea kigoda, akanieleza, na maelezo yake ndiyo ninayotaka kuwapa leo, maana sijapata kuyasikia kwa mtu mwingine.

Programu, alisema, haiandikwi yote na mtu mmoja. "Mimi hapa nimeandika kidogo tu. Hii ya kuongea na laini ya simu ni ya mtu. Hii ya kuhesabu tarehe ni ya mtu. Hii ya kuchora ile michoro ni ya watu wengine kabisa, hata nchi yao siijui. Wenyewe tunaziita maktaba. Mimi naunganisha, kama fundi anayejenga nyumba kwa matofali na misumari ya kununua." Sasa, mara ya kwanza alipoipeleka programu yake kule kata, ilikuwa imefanya kazi vizuri sana Mlabani. Akaenda nayo kwa mbwembwe, akaiweka mbele ya mtendaji na wazee waliovaa makoti yao ya sherehe, akabonyeza. Ikagoma. Kompyuta yake ya ofisini ilikuwa na maktaba zile zote tangu zamani, hata yeye alikuwa amesahau kwamba zimo, ila ile ya kata haikuwa nazo. Programu ikaanza kuzitafuta mtandaoni, na mtandao wa kule siku hiyo ulikuwa jina tu. Wazee wakasubiri, wakapiga miayo, wakavua makoti. Jioni akapanda gari kurudi Ifakara, na njia nzima, aliniambia, alikuwa akimwaza mama yake.

Mama yake ni mtu wa upande wa Mahenge, aliyeshuka bondeni kulima tangu usichana. Kila msimu, siku moja kabla ya kuhamia shamba, mama huyo alikuwa akiufunga mzigo wote, akautoa uani, kisha akafunga mlango wa nyumba na kutia ufunguo kifuani. Chakula cha siku hiyo kilipikwa hapo hapo uani kwa vile vilivyomo mzigoni tu. Mtoto akisema, "Mama, naomba niingie ndani kuchukua mwiko," mama anajibu, "Kumbe mwiko haumo." Hapo ndipo anafungua mlango, mwiko unatoka na kuingia mzigoni, na mlango unafungwa tena. Mwaka mmoja iligundulika chumvi haimo, mwaka mwingine kiberiti. Watoto walilalamika kwamba wanateswa, nyumba yao wenyewe ipo hapo wanaitazama. Lakini wakishafika shambani, mto umejaa nyuma yao na jirani yuko mbali, hakuna aliyewahi kukosa chumvi.

Ndivyo alivyofanya binti yake tangu siku ile ya aibu. Alichukua laptopu kuukuu, akaifuta ikawa tupu kabisa, akaizimia mtandao, akatoka nayo nje ili asishawishike kuiunganisha na waya wowote wa ofisini. Humo ndimo alimojaribia kila programu kabla haijasafiri. Ikilalamika kwamba inakosa maktaba fulani, anaingia ndani, anaileta, anaifungasha pamoja na programu, anafuta tena laptopu na kuanza upya. Tena hakuchukua maktaba yoyote ilimradi, alichukua toleo lile lile alilolizoea, kwa sababu wenye maktaba zao hubadilisha mambo watakavyo, na ni haki yao. "Leo ipo hivi, kesho mwenyewe kaigeuza, au kachoka kaifuta," alisema. "Siwezi kumlaumu. Hajui kama kuna mtu wa Chita anamtegemea."

Neno hilo lilinikaa. Nilimuuliza kama yeye anawajua hao anaowategemea. Akasema ndiyo, wachache, kwa sababu kila akimaliza kazi humwandikia mmoja wao kumshukuru, baada ya kuhakikisha kwamba masharti ya matumizi aliyoyaweka mwenye maktaba yanaruhusu ibebwe namna ile. Wengi hawajibu. Mmoja alijibu, bwana mmoja wa mbali ambaye maktaba yake ndiyo iliyoiwezesha programu kuongea na laini ya simu. Alisema anaifanya kazi hiyo bure akishatoka kazini kwake, na kwamba watu wanaomwandikia karibu wote wanamgombeza kwa jambo lililoharibika. Akauliza Kilombero ni wapi. Dada yetu akamtumia picha ya mpunga ulioanza kuchanua na watoto wamekaa juu ya dungu wanafukuza ndege. Nikamtania kwamba angemtumia na kitoga mkavu, akasema alifikiria, ila posta wangemkatalia.

Sasa niwaeleze kwa nini naandika haya. Mdogo wangu wa tumbo moja analima mpunga bondeni chini ya Chita, na masika iliyopita alikuwa huko na mkewe na watoto. Wakati huo dada wa Mlabani alikuwa ameshaanza kuugua, amelazwa Dar es Salaam. Asubuhi moja radi ikapiga karibu na ofisi ya kata, ikaiunguza kompyuta. Mnara wa simu nao ukayumba, intaneti ikakatika kabisa, simu zikawa zinakatika kabla hujamaliza salamu, meseji tu ndizo zilizopita kwa tabu. Ni katika hali hiyo ikaingia meseji ya yule wa kwenye nguzo, kwamba maji yanapanda haraka kuliko alivyowahi kuyaona. Karani wa kata, binti mmoja mpole, ana simu moja mkononi na wakulima wa bonde zima hawana habari. Akampigia dada yetu. Simu imezimwa, mwenyewe yuko chumba cha upasuaji.

Karani akakimbia shuleni, akaazima laptopu ya mwalimu mkuu, ambayo haikuwahi kuiona programu ile hata siku moja. Akachomeka flashi aliyoachiwa, pamoja na kile kifaa cha laini ya simu cha ofisini. Aliniambia baadaye kwamba kazi yenyewe aliijua, kwa sababu siku ya kukabidhiwa programu, dada yetu alimfanya aisimike mwenyewe tangu mwanzo, tena na tena, huku yeye ameketi nje. "Mimi sipo," alimwambia. "Ukiniita, nitajua kuna kitu nimekisahau." Kwenye kioo yakatokea maneno yaliyoandikwa kwa Kiswahili chetu cha kawaida: Usihangaike na mtandao, kila kitu kimo humu. Maktaba zikajipanga mahali pake, namba za wakulima zikaingia, kifaa cha laini kikatambulika. Meseji zikaanza kutoka, zinawaambia watu waache madungu na wapande upande wa reli.

Mdogo wangu alikuwa anakoka moto wa uji. Aliisoma meseji, akatazama mbingu juu yake, nyeupe, hakuna hata tone. Anakiri kwamba mguu ulikuwa mzito, maana mpunga ulikuwa umebakiza kidogo kuiva. Mkewe hakumsubiri afikirie. Akambeba mtoto mdogo mgongoni, akawashika wakubwa mikono, akasema, "Wewe baki na mpunga wako, baba, utatukuta relini." Mdogo wangu akawafuata. Walipofika juu na kugeuka, mahali walipopita palikuwa maji matupu, na mchana wa siku hiyo hiyo dungu lao lilikwenda. Mpunga ulikwenda pia, na mwaka huo tuliwalisha sisi, na sijawahi kulisha watu kwa furaha kama ile.

Nilipompata dada yetu kwa simu, wodini, nilimsimulia yote, maneno yakikanyagana. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Hakuniita?" Nikamwambia alimwita, simu ilikuwa imezimwa. "Baada ya hapo, hakukosa kitu?" Nikasema hakukosa kitu. Nikasikia anavuta kamasi. Kisha akasema, "Basi imeiva, mwalimu," na akaniomba nimpe mke wangu amsalimie.

Tunaishi sasa katika dunia ambayo kila kitu kimeegemea kitu cha mtu mwingine, na mara nyingi mtu huyo hatumjui. Simu yako, dawa yako, mbegu yako, hata safu hii, vina mikono mingi nyuma yake. Wapo wanaotuambia suluhisho ni kujitegemea kwa kila jambo, na nikiwa kijana nilifundisha hivyo darasani kwa sauti kubwa. Yeye hakuwahi kujidai kwamba anajitegemea. Alijua amesimama juu ya kazi za watu, akazipokea kwa heshima, akazifungasha kwa uangalifu, akawafikishia wengine zikiwa kamili. Vijana wa kazi hii walioko Ifakara na kwingineko, nawaomba mlichukue hilo kwake. Kabla hamjamkabidhi mtu wa mbali kazi yenu, fungeni mlango wa nyumba mwone kama itapikika.

Tulimzika Alhamisi, baada ya misa, kwaya ikiimba vizuri kuliko kawaida yake. Mdogo wangu alikuja na gunia la mchele na familia nzima. Hakuwahi kumwona marehemu hata kwa picha. Tulipotoka makaburini aliniomba nimpeleke kwa mama wa marehemu, aliyekuwa ameketi mkekani na wanawake wa ukoo. Akapiga magoti mbele yake. "Shikamoo mama," akasema. "Marahaba, baba." Halafu maneno aliyokuwa ameyapanga toka Chita yakamtoroka yote, akabaki anawaonyesha wale watoto waliosimama nyuma yake. "Mama, mimi sikumjua mwanao. Lakini hawa wote wapo."

Mama hakuelewa mara moja. Nikaeleza mimi, kwa kifupi kwa mara ya kwanza maishani mwangu. Alipoelewa aliwaita watoto wakae mkekani, akauliza majina yao, akawa anayarudia moja moja kwa sauti ya chini, akimshika kila mmoja kichwani, na hapo ndipo alipolia kilio ambacho wanawake walisema hakuwa amekilia tangu msiba uanze. Mdogo wangu alidhani amemuumiza. Mama akamshika mkono, akamwambia, "Umefanya vizuri kuja." Basi nami nawaambia wasomaji wangu: kama kuna mtu ambaye kazi yake imekuweka hai, mfuate umshukuru, na ukichelewa, waendee waliomlea, uwapelekee watoto wako wawaone.