Tarehe Niliyoiandika Mwenyewe

Kamati ilikutana kila Jumapili baada ya chakula cha mchana, sebuleni kwa shangazi yangu, ghorofa ya nane huko Thamesmead, London. Shangazi alikuwa muuguzi hospitali ya Lewisham, na pia katibu wa chama cha watu wa Afrika Mashariki. Mwaka ule chama kiliamua kuandaa mkutano wa kimataifa wa kilimo na usalama wa chakula barani Afrika, na mimi nikapewa kazi ya kuandika kumbukumbu za vikao. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilisoma Pemba mpaka darasa la saba tu, lakini mwandiko wangu ulikuwa mzuri. Shida ni kwamba naandika polepole.

"Ngojeni kwanza," mwenyekiti alikuwa akisema. "Binti hajamaliza kuandika."

Hapo wote huutazama mkono wangu. Nilitamani ardhi ipasuke, ingawa chini yetu kulikuwa na ghorofa saba za watu.

Nililetwa London kulea watoto wawili wa shangazi. Nikiwasemesha Kiswahili wananijibu Kiingereza. Karatasi zangu zilikuwa uhamiaji mwaka wa tatu sasa. Bila hizo sikuweza kuajiriwa, na nikitoka nchini sirudi. Madirisha ya nyumba yalifunguka upana wa kiganja tu, ili watoto wasianguke. Mimi pia nilipumulia hapo hapo.

Tarehe ya mkutano ilichaguliwa kwa dakika tano. Chuo kimoja kilikubali kutuazima ukumbi wakati wa likizo ya Pasaka, wanafunzi wakiwa makwao.

"Wiki ya pili ya Aprili," alisema mwenyekiti, mtu wa Dar es Salaam aliyefanya kazi za ofisini maisha yake yote. "Kuna pingamizi?"

Hakukuwa na pingamizi. Nikaandika. Kabla sijamaliza neno Aprili niliona bonde letu limejaa maji, na mama yangu ameinama na fungu la miche kwapani. Mwezi huo mtu anayelima mpunga kwetu haendi popote, hata harusi husogezwa mbele. Nililijua hilo vizuri. Lakini mezani kulikuwa na barua za maprofesa, na mimi ni nani? Nikaweka nukta.

Jumapili iliyofuata wakasema anatakiwa mkulima.

"Mkulima hasa," mwenyekiti alisema. "Simtaki mtu wa wizara. Nataka mwenye matope miguuni, apande jukwaani azungumze."

"Yupo wifi yangu," shangazi akasema. "Mama yake huyu."

Wote wakanigeukia.

"Anaweza kuzungumza mbele za watu?"

"Wifi? We mnyamazishe kama unaweza."

Wakacheka, wakakubaliana. Chama kingemkatia tiketi na kumwandikia barua ya mwaliko ya kuombea visa. Nilikuwa sijamwona mama miaka mitatu. Siku ile niliandika haraka hata mwandiko wangu ukaharibika. Nilikuwa na nafasi ya pili ya kusema kwamba tarehe ni mbaya, nikanyamaza tena. Safari hii sikunyamaza kwa haya. Niliogopa wakiibadilisha watakosa ukumbi, na wakikosa ukumbi mama haji.

Nikampigia kwenye simu ya kaka yangu. Ilimbidi asimame karibu na shule, maana mtandao ulishika hapo tu.

"Ndege?" mama alisema. "Mie?"

"Wewe, mama. Siku kumi."

"Lini hiyo?"

Nikamtajia. Nilisikia kuku nyuma yake.

"Miche itakuwa bado kitaluni, mwanangu. Na ikikaa sana kitaluni inazeeka, huivuni tena."

"Kaka hawezi kupandikiza?"

"Kakako?" Akacheka. "Kakako anapanda kama anayetupa taka." Kisha sauti ikabadilika. "Nikiliacha bonde mwaka huu, tutakula mchele wa dukani hadi mwakani, na wadogo zako ndio hao wanasoma. Lakini ukinambia nije, nnakuja. Sema wewe."

Nikamwambia nitafikiri. Maisha yangu yote mama ndiye aliyesema, mimi nikafuata. Sasa alinipa neno lake nilishike, na sikujua niliweke wapi.

Barua ya mwaliko ilikuwa mezani, imeshatiwa sahihi, imeachwa nafasi ya jina.

"Umeshamwambia wifi akapige picha za pasi?" shangazi aliniuliza Jumanne.

"Bado."

"Bado nini? Jaza jina uitie posta. Ubalozi haungoji mtu."

Kila siku nikishawapeleka watoto shule nilikaa mbele ya barua ile. Nilifungua dirisha kiasi linavyokubali. Nje ilinyesha mvua ya London, nyembamba, isiyo na sauti, ikilowesha magari kule chini. Nilijaribu kusema ndani ya moyo, njoo mama, nikawaona wadogo zangu. Nikisema usije, naona mlango wa uwanja wa ndege watu wanatoka na mikoba, na mama hayumo. Alhamisi niliandika jina lake la kwanza. Jina la babake sikuliandika.

Jumapili asubuhi, kabla kamati haijafika, nikapiga simu.

"Mama, usije."

"Hutaki nije?"

"Nataka. Usije. Panda."

"Haya," alisema. "Ntakupandia na wewe mistari miwili."

Mchana wakakaa wote. Mwenyekiti akasoma ajenda. "Mkulima wetu. Visa imefikia wapi?"

Shangazi akanitazama.

"Haji," nikasema.

"Ati?" Mzee mmoja Mkenya aliweka mkono sikioni. Alikuwa bwana shamba kwao kabla ya kuwafuata wanawe huku.

"Mama haji. Ni wakati wa kupandikiza."

"Siku kumi tu," mwenyekiti akasema. "Si atafute mtu amshikie?"

Mzee akajipiga paji la uso. "Aprili! Hata kwetu ni mvua, watu wako shambani! Hii tarehe ni nani aliichagua? Na mimi nilikuwa hapa hapa, nakunywa chai ya katibu."

Mwenyekiti akasema barua zimeshakwenda nchi zote na ukumbi hausogei. Shangazi aliniinamia, akauliza kwa sauti ya chini, "Na wewe ulijua? Siku ile unaandika?"

"Nilijua, shangazi."

"Ukanyamaza."

"Nikanyamaza."

Akainuka akaenda jikoni. Nikasikia maji ya bomba yakimwagika muda mrefu.

"Iandikwe," mwenyekiti alisema.

Nikainama nikaandika: Mkulima hatakuja, anapandikiza mpunga. Hakuna aliyeniharakisha.

Mkutano ulifanyika. Nilisimama mlangoni nikiwapa wageni vitambulisho vya majina. Kiti cha mkulima alikikalia bwana mmoja wa wizara, viatu vyake viking'aa, akazungumza kuhusu wakulima dakika arobaini. Niliangalia saa ya ukutani nikijumlisha saa za nyumbani, nikajua kwamba mama sasa ameshatoka majini, anaosha miguu.

Jumapili nikampigia.

"Nimelimaliza bonde lote," alisema. "Kiuno si changu. Na nyinyi mkutano wenu?"

"Umekwisha."

"Wamesema nini?"

Nikafungua daftari nikamsomea. "Wamesema mkulima ashirikishwe."

Mama akacheka mpaka akakohoa. "Waambie palizi inakuja. Majembe yapo, waje tushirikiane."

"Ngoja, mama, niandike."

"Andika," alisema.

Nikayaandika hayo nyuma ya ajenda, neno moja moja, na mama akangoja kwenye simu mpaka nikamaliza.